Mama Mkwe Aliyekataa Maji Jangwani

Shangazi Genoveva, shikamoo. Nimekuwa msomaji wa ukurasa wako tangu nikiwa naishi Silver Spring hapahapa Marekani, nilikuwa nalichukua jarida pale dukani tunaponunua dagaa na unga wa muhogo, nasoma barua za watu kwenye treni najiambia hawa wenzetu wana mambo jamani, sasa leo zamu yangu imefika, naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanigombeza.

Mimi ni mtu wa Tarime, nina miaka thelathini na tisa, ni nesi kwenye nyumba ya wazee, nimeolewa na Clement ambaye anafanya kazi ofisini huko Arlington, tuna watoto wawili, Audrey ana miaka kumi na miwili na Ethan ana minane, na sasa tunaishi Germantown. Clement amekulia Morogoro mjini, wazazi wake walikuwa watumishi wa serikali, mila za ukweni kwake ni hadithi za kusimuliwa. Kwetu siyo hadithi. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawali chumba kimoja, hawashikani mikono, na mwanaume haruhusiwi hata kuona kitanda cha mama mkwe, na hiyo ni heshima, siyo chuki, na najua wengi wameshalegeza lakini mama yangu hajalegeza hata kidogo. Wakati wa posa kaka yangu Boniface alijaribu kumweleza Clement, kabla hajafika popote Clement akacheka, akasema karne hii jamani, mimi nikaona aibu, na tangu siku hiyo sikuligusa tena hilo jambo.

Mama alipokuja mwezi wa nne nilimweka basementi, ile sehemu ya chini kabisa ya nyumba, kwa sababu basementi yetu ina mlango wake wa nje na bafu lake, nikamwambia mama hii ni nyumba yako na ile ya juu ni ya Clement, akaukagua mlango, akaufunga na kuufungua mara mbili, akaridhika. Clement nikamwambia mama anapenda utulivu. Akirudi kazini anamsalimia kutoka mbali, mama anaitikia ameinamisha uso, Clement ananiambia mama yako mpole sana huyu. Miezi mitatu ikapita vizuri na mimi nikajiona nina akili kuwazidi wote wawili.

Sasa kuna trela. Clement ana ndoto ya trela la kulala tangu alipozaliwa Ethan, akalipata moja lililotumika, futi ishirini na nne, na kwa kuwa mtaani kwetu hawaruhusu trela kuegeshwa nje ya nyumba alikuwa analiweka kwa rafiki yake Method huko Frederick, kila Jumamosi kwa miaka miwili anakwenda kulitengeneza, amebadilisha sakafu, amefunga kiyoyozi kipya, amepaka rangi mpaka ndani ya makabati. Mpango wetu ulikuwa wiki tatu za kiangazi, kutoka hapa mpaka New Mexico na Arizona, watoto waone jangwa, tumalizie na lile korongo kubwa la Grand Canyon ambalo picha yake imekaa kwenye friji yetu miaka yote hiyo. Nilikuwa nimepanga mama abaki na Irene, dada mmoja wa kanisani, lakini Clement akakataa, akasema bibi hawezi kuja Marekani akaona basementi peke yake, na bila kuniambia akaenda kumtengenezea kitanda kule mbele karibu na meza, akamfungia pazia la maua na taa ndogo ya kusomea Biblia. Aliponionyesha alikuwa na furaha kiasi kwamba nikaishia kulisifia pazia. Pale ndipo ningesema, Shangazi. Sikusema. Na mama aliponiuliza hilo gari la kulala likoje nikamjibu lina nyumba mbili, kila moja na mlango wake.

Siku ya kwanza tuliegesha kambini Tennessee jua bado lipo, mama akapanda ngazi akachungulia, akaona mlango mmoja, choo kimoja, na kitanda chetu mimi na Clement kiko wazi kule mwisho, akashuka kinyumenyume. Akaniambia kwa Kikuria, kwa sauti ya chini sana, "Uliniambia nyumba mbili." Nikamjibu mama nisamehe, wamebadilisha, na hata sasa sijui nani huyo niliyesema amebadilisha. Halafu Clement nikamwambia mama anabanwa na kifua akiwa mahali pembamba, hawezi kulala mle. Clement hakulalamika, akaenda dukani akanunua hema dogo na kitanda cha kukunja, ila nilimwona analikunja lile pazia la maua analitia kabatini.

Tukaenda hivyo siku kadhaa, Arkansas, Oklahoma, Texas, mama amekaa siti ya nyuma kabisa na Ethan, tukifika kambini analala hemani na anatumia vyoo vya kambi, na nikaanza kuamini tutarudi salama. Lakini Arizona tulikaa kwenye ardhi ya serikali, bure, mahali pa mawe na mchanga na mimea ya miiba, hakuna bomba, hakuna choo isipokuwa kile cha ndani ya trela, na ni tambarare tupu, hakuna hata kichaka cha mtu mzima kujisitiri. Siku ya pili pale niliondoka na gari na watoto kwenda mjini kufua nguo na kununua barafu, Clement akabaki anatengeneza pampu ya maji, mama akasema amechoka atapumzika. Joto lilikuwa digrii mia moja na nane za huku, kama arobaini na mbili za kwetu. Clement anasema alimwita mara mbili aingie ndani kwenye ubaridi, mara ya pili mama akasogeza kiti chake mbali zaidi, kwa hiyo akampelekea chupa ya maji, akaiweka chini hatua chache kutoka alipokaa, akarudi kwenye pampu yake. Alipotoka tena saa nane mchana chupa ilikuwa haijafunguliwa na mama alikuwa ameanguka kando ya kiti, hajitambui.

Clement akambeba, akamwingiza ndani, akamlaza kwenye kitanda chetu, akamvua kilemba na blauzi na kitenge, akammwagia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo, akampepea na kuongea naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika, dakika arobaini na tano. Daktari aliniambia mama asingepozwa mapema vile asingefika hospitali akiwa hai. Na mimi ni nesi, Shangazi, wazee ninaowahudumia nawahesabia glasi za maji kila zamu, na mama yangu alikuja kuniambia baadaye kwamba tangu jana yake alikuwa ameacha kunywa ili asihitaji kuingia kwenye kile choo.

Kesho yake alipopata nguvu za kusema jambo la kwanza aliniuliza, "Nani alinivua?" Nikamwambia manesi. Haikupita nusu saa Clement akaingia, amevaa shati safi, amebeba chai, anaanza kumsimulia mama kila kitu, jinsi alivyombeba mwenyewe, jinsi alivyomvua na kummwagia maji na kumwomba Mungu. Alikuwa na furaha ya kweli. Mama akavuta shuka akajifunika mpaka kichwani, akageukia ukutani, na Clement akabaki amesimama na kikombe. Audrey akauliza pale mlangoni, "Mom, is Bibi mad at Dad?" Mimi nilikuwa naangalia kile kikombe. Mimi, mama na watoto tukarudi kwa ndege kutoka Phoenix, Clement akarudi barabarani siku nne akiendesha peke yake, na hilo korongo hatukuliona.

Sasa ni wiki ya saba. Mama hatoki basementi Clement akiwa nyumbani. Ameniambia hawezi kuondoka hivi, kwetu jambo kama hili lina njia yake, mkwe analeta mbuzi na blanketi mbele ya mtu mzima wa ukoo, wanakula, basi. Mimi nikawa nasitasita namna ya kumweleza Clement, kumbe Boniface keshampigia simu kutoka Tarime, akamwambia umemvua mama yetu nguo, unadaiwa mbuzi na blanketi. Clement alinijia jikoni, hakupaza sauti, akaniambia, "Nimemwokoa mtu, halafu natozwa faini. I'm done, Ghati. Hata kuku sitoi." Amesema hatakwenda airport kumsindikiza na kwamba hakuna mtu wa kwetu atakayelala tena kwenye nyumba yake. Anaamini mama alimdharau tangu siku ya hema, kwamba alilikataa trela lake na sasa anakataa hata kuokolewa naye, na kila nikitaka kumweleza ukweli nafikiria itabidi nianzie wapi.

Mama anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Nimefikiria hivi: nimtumie Boniface hela kimya kimya, mbuzi achinjwe hukohuko nyumbani, blanketi nilinunue mimi, halafu nimwambie mama kwamba vyote vimetoka kwa Clement, yeye aende na amani na Clement asijue kitu. Hakuna atakayeumia. Naomba uniambie kama ni sawa, maana nimechoka sana.

Ghati, Germantown

*

Ghati, marahaba. Umeomba nikusikilize mpaka mwisho na ukanipa ruhusa ya kukugombeza, kwa hiyo tumeelewana mapema.

Jibu ni hapana. Usitume hela, usinunue blanketi, na hilo neno "hakuna atakayeumia" lifute, maana ndilo ulilojiambia ulipomtangazia mama yako trela lenye nyumba mbili, na aliumia mpaka akabebwa na gari la wagonjwa.

Pole nakupa, na naitoa kwa moyo. Nimefanya unesi hapa Silver Spring miaka ishirini na mbili, najua mtu anajisikiaje anapokuta mzazi wake amewekewa dripu kwa jambo ambalo yeye kama nesi angeliona kwa mgonjwa wa mtu mwingine kabla hajavua koti. Hilo litakusumbua kwa muda mrefu na sina dawa yake. Lakini hukuniandikia kuhusu joto.

Unaandika kana kwamba umebanwa katikati ya mila za mama na ukaidi wa mume. Mimi nimeisoma barua yako mara tatu na sijaona ugomvi wao hata mmoja. Hao wawili hawajawahi kuzungumza. Kila mmoja amekuwa akizungumza na wewe, na wewe umekuwa ukimpelekea mwenzake maneno uliyoyatunga. Clement anadhani amedharauliwa kwa sababu hukumwambia kwa nini mama hakulala ndani. Mama anadhani Clement anajua kila kitu, kwamba alijua mwiko, akatengeneza kitanda chake mle ndani, halafu akaja hospitalini na chai kujisifu. Hebu kaa ulione hilo kwa macho ya mama yako. Miaka yote hii anaamini mkwe wake anamheshimu, kisha siku moja anajikuta amevuliwa, na aliyemvua anasimulia mbele za watu huku anacheka. Wewe ulikuwepo chumbani. Sentensi moja tu ingemwokoa kila mtu, nawe ukaangalia kikombe.

Unasema ulificha kwa sababu Clement alicheka siku ya posa. Alikuwa kijana, alicheka, wangapi hawajachekea jambo wasilolijua? Lakini wewe mwenyewe umeandika kitu ukakipita. Mama alipokataa kuingia ndani, Clement alichukua chupa ya maji, hakumpa mkononi, aliiweka chini hatua chache na kuondoka. Nani alimfundisha? Hakuna. Alikuwa ameshamsoma mama yako kwa miezi mitatu, anasalimia kutoka mbali, anaacha nafasi, anashika heshima yenu bila kuambiwa jina lake. Mtu wa namna hiyo ungemweleza kwa dakika tano jikoni angejipigia yeye mwenyewe hema nje na mama akalala kwenye kitanda chenye pazia. Umemdharau mumeo, Ghati, kuliko mama yako alivyowahi kumdharau.

Na hilo la mbuzi umelipokea vibaya, na kaka yako amelipeleka vibaya zaidi. Kumpigia mtu simu na kumwambia "unadaiwa" ni kazi ya askari wa barabarani. Mama hakudai. Mama anatafuta namna ya kumwangalia tena Clement usoni. Angekuwa anamchukia asingehangaika na mbuzi, angepanda ndege yake na kunyamaza. Tena ametaja blanketi, na mimi nalielewa hilo blanketi bila hata kuwa mtu wa Tarime. Mwanaume huyu ilibidi amfunue ili aishi. Anamwomba sasa amfunike, kwa mkono wake, mbele ya mtu mzima. Ukilinunua wewe litakuwa blanketi tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, Clement akirudi kutoka Arlington, mwache ale, watoto wapande juu, kisha mweleze. Anza na posa. Mwambie kuhusu basementi, kuhusu nyumba mbili, kuhusu kifua kinachobanwa, na usiruke habari ya maji, hiyo hasa, kwamba mama aliacha kunywa kwa sababu ya choo na kwamba wewe ndiye uliyemfikisha kwenye choo kimoja. Usimwandikie meseji. Na usilie kabla hujamaliza, maana ukilia katikati atakubembeleza na mazungumzo yatageuka kuwa yako. Atakasirika. Ana haki. Mwache akasirike mpaka atosheke, alale kwenye trela lake huko Frederick akitaka, usimfuate.

Kesho yake shuka basementi. Mwambie mama kwamba Clement hakujua, hakuna kitu alichojua, tangu siku ya kwanza mpaka hospitalini, na kwamba aliyemvunjia heshima ni binti yake. Mwambie na lile pazia la maua lilivyofungwa. Usimweleze kuhusu Marekani ilivyo, wala kuhusu dunia ya sasa. Mama yako hana shida na dunia.

Kisha mpigie Boniface, mwambie akae kimya mpaka atakapopata nafasi ya kumpigia shemeji yake na kusema ahsante. Hilo neno sikuliona popote kwenye barua yako. Watu wazima watatu, mama amerudishwa kutoka mauti, na aliyemrudisha hajashukuriwa na mtu hata mmoja. Wewe ulimshukuru? Kama hukumshukuru, anza na hilo hata kabla ya posa.

Kuhusu mbuzi, usimwombe Clement chochote siku hiyo ya kwanza. Mweleze maana yake na uache hapo. Akitaka, wako wafugaji huko kwenu upande wa Frederick wanaouza, na blanketi aende achague mwenyewe. Kama hamna mtu mzima wa kwenu wa kusimamia, niandikie, namjua Mzee Leonard pale Arlington, ni wa upande wenu na anaongea taratibu. Asipotaka, usimlazimishe na usimnunie. Mama akishajua ukweli atakuwa na kitu cha kuondoka nacho hata bila mbuzi.

Na wewe Clement, maana najua atakusomea haya au utayakuta mwenyewe. Ulifanya sawasawa. Hakuna mwenye akili anayesema tofauti, na ukiwekwa tena jangwani pale, mvue tena na ummwagie maji tena. Hukutozwa faini. Umeombwa kitu ambacho ni wewe peke yako unayeweza kukitoa, na umeombwa na mwanamke anayeona aibu kubwa kuliko hasira yako. Angalia mwenyewe utafanya nini.

Narudi kwako, Ghati. Mama mzee hapewi viza kila akiomba, na hata akipewa, safari kama ile ya mwezi wa nne miguu yake huenda isikubali tena. Unazo siku kumi hivi. Ukiiacha Jumamosi hiyo ifike hujasema, mama yako atarudi Tarime, ataishi miaka aliyobakiza na ataingia kaburini akiamini kwamba mkwe wake alijua, na hakujali.

Genoveva